Alama 9 kwa 10, lakini kwenye kifaa kipi?

Wengi huamini kwamba mchezo wa video ukishapewa alama 9 kwa 10, alama hiyo inashika popote utakapouchezea. Si ajabu, maana jina la mchezo ni lilelile.

Ila mhakiki hupima alichokiona kwenye kifaa alichokuwa nacho. Chukua Switch ya kwanza, kifaa cha michezo cha Nintendo kilichotoka 2017. Ikichomekwa kwenye televisheni inaweza kutoa picha ya pikseli (vinukta vya picha) 1920 kwa 1080. Ikishikwa mkononi, skrini yake ya inchi 6.2 huishia 1280 kwa 720, na chipu hupunguziwa kasi ili betri isiishe upesi. Ndiyo maana mchezo uliokwenda laini sebuleni unaweza kukwamakwama mkononi, na maandishi yake yakawa kama sisimizi.

Kwenye uhakiki, tafuta sentensi inayotaja kifaa na namna kilivyotumika. Isipokuwepo, mimi namba hiyo huiweka kando. Tazama na tarehe, kwani masasisho huondoa kasoro (na mengine huleta mpya). Kukiwa na toleo la majaribio la bure, lipakue ulicheze ukiwa umeshika kifaa mkononi, hasa pale maadui wanapojaa kwenye skrini.