Sanje: watu wanaogopa nyoka, maji hawayaogopi

Ukimwambia mtu unaenda maporomoko ya Sanje kule hifadhi ya milima ya Udzungwa, Morogoro, cha kwanza atakuuliza nyoka je, chui je. Wapo, ule ni msitu, ila wakisikia watu wanakuja wanaondoka zao, na isitoshe unapanda na mwongozaji anayeijua njia. Cha kuogopa ni maji jamani.

Kuna hii ya "mbona mvua hainyeshi hapa". Hapa ulipo hainyeshi sawa, ila mto unatoka huko juu mlimani, na kule ikipiga mvua kubwa maji yanakufikia jua likiwa bado linakuwakia kichwani, tena yanajaa haraka sana. Ukiona maji yamebadilika rangi, majani na vijiti vinaanza kushuka, mngurumo unaongezeka, toka, panda juu pembeni sasa hivi, begi liache.

Halafu wale wa "mi najua kuogelea". Pale maji yanapoangukia pamejaa mapovu na mkondo unavuta chini, mwili hauelei kama ulivyozoea, kwa hiyo oga pembeni kwenye utulivu. Na kuruka kutoka kwenye mawe usiruke kabisa, maana mvua zikipita magogo na mawe yanahama, pale palipokuwa na kina mwaka jana leo pana jiwe.

Maji yanayotembea ni salama kunywa? Hapana. Yawe baridi, yawe meupe vipi, huko juu kuna nyani na wanyama wengine wanakunywa na kujisaidia humohumo. Beba ya kwako.

Wengine wanasubiri masika eti ndo maporomoko yanajaa. Kweli yanajaa, ila njia inateleza vibaya. Juni mpaka Oktoba ni pazuri zaidi na maji hayakauki, msitu unayatunza, bado utayaona yakishuka mita 170 hivi kwa ngazi tatu. Vaa raba zenye meno, ndala hapana.

Na hii ya kwamba lazima uwe na gari, sijui imetoka wapi, Udzungwa ndani hakuna barabara, ni miguu tu tangu ilipokuwa hifadhi ya taifa 1992. Mabasi ya Ifakara yanapita Mang'ula, makao makuu ya hifadhi yapo hapo. Beba kitambulisho, Mtanzania analipa kwa shilingi na bei yake ni ndogo sana kuliko ya mgeni. Ukiwa na bahati njiani utamuona mangabe wa Sanje, nyani aliyekuja kujulikana na wanasayansi 1979 tu na duniani kote anaishi milima hiyohiyo ya Udzungwa.