Tiba kazi: ni kazi gani hiyo inayotibiwa?

Kibao cha mlangoni kilikuwa kimeandikwa "Tiba Kazi". Shangazi yangu alipokisoma akagoma kuingia. "Mimi nimestaafu," akasema, ulimi bado mzito kwa kiharusi. "Kazi ya nini tena?" Mtaalamu, binti mdogo tu, akatoka, akamwamkia shikamoo, kisha akamuuliza jambo ambalo wodini hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mama, ukiamka asubuhi, nini kinakushinda?"

Shangazi akafikiri kidogo. "Kujifunga kanga."

Basi hapo ndipo tiba kazi inapoanzia. "Kazi" hapa si ajira wala mshahara. Ni shughuli yoyote inayoijaza siku ya mtu: kuoga, kutawadha, kusonga ugali, kufua, kuandika darasani, hata kucheza kombolela, maana kwa mtoto mchezo ndiyo kazi. Wengine huiita tiba kwa vitendo, na mimi naona jina hilo lingewaepusha wengi na mkanganyiko uliompata shangazi.

Watu huichanganya na fiziotherapia. Ni ndugu, na mara nyingi mgonjwa huzihitaji zote mbili, ila fiziotherapia hushughulika zaidi na msuli, kiungo na mwendo. Tiba kazi huanza na shughuli yenyewe, ikaichambua. Kujifunga kanga kunataka mikono miwili, kusimama bila kuyumba, na akili ikumbuke kipi kinatangulia. Ni kipi hapo kimekatika? Kinachoweza kurudi kinafanyiwa mazoezi. Kisichorudi kinatafutiwa njia nyingine.

Njia zenyewe ni za kawaida mno. Shangazi alifundishwa kuvaa akiwa ameketi: mkono uliopooza ndio wa kwanza kuingia kwenye blauzi, na wakati wa kuvua ndio wa mwisho kutoka. Kanga ilishonewa mpira kiunoni. Mpini wa kijiko ukazungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili unenepe, vidole dhaifu viushike. Ubao wa kukatia ukapigiliwa misumari miwili, ncha zikatokeza juu. Kitunguu ukikichomeka pale kinatulia, na mkono mmoja unakata. Chini ya bakuli, kitambaa kibichi, lisiteleze.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo mambo ni mengine. Wengi hushinda wamelala chali, na hulishwa hivyohivyo, kichwa kimeanguka nyuma, ndiyo maana hupaliwa. Mtaalamu humkalisha wima, kidevu kikiinama kidogo, na chakula hushuka kwa usalama zaidi. Kiti cha kumshikilia si lazima kitoke ng'ambo. Kuna ufundi ulioanzia Zimbabwe wa kugundisha maboksi na makaratasi kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka. Yakikauka yanakuwa magumu kama ubao. Kiti hupimwa kwa mwili wa mtoto huyohuyo, na akikaa humo huona wenzake wanachofanya badala ya kuitazama dari.

Jina la fani hii kwa Kiingereza, occupational therapy, lilitolewa na Mmarekani George Barton, msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu, kisha akapooza upande wa kushoto. Alijirudishia nguvu kwa bustani na useremala, na mwaka 1917, nyumbani kwake Clifton Springs, jimbo la New York, yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kwanza cha fani hiyo. Majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia ndio walioifanya ikue haraka. Huku kwetu wataalamu husomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba nchini Kenya, na KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, Tanzania, na kila tarehe 27 Oktoba huadhimishwa siku yao duniani.

Kwetu sisi kikwazo kikubwa hakikuwa mkono wa shangazi. Tulikuwa sisi. Mgonjwa kwetu hutendewa kila kitu, na anayemwacha ahangaike na vifungo huonekana hana huruma. Tulimlisha, tukamvisha, tukamwogesha, kila mmoja akitafuta thawabu yake. Yule binti alitwambia bila kupindapinda kwamba mkono usiotumiwa husahau. Siku ya kwanza blauzi ilichukua karibu nusu saa. Wifi yangu alitoka nje, hakuweza kutazama. Baada ya majuma kadhaa ilikuwa dakika chache, na shangazi akaanza kutufukuza chumbani akitaka kuvaa.

Si kiharusi peke yake. Aliyeungua mkono huhitaji kifaa cha kuunyoosha kabla kovu halijavikunja vidole. Aliyegonga kichwa kwenye ajali ya bodaboda, mtoto mwenye usonji, mtu anayetoka wodi ya akili akiwa hajui siku aianzie wapi, wote wana sababu ya kupita mlango ule. Mara nyingi hawaelekezwi huko mpaka ndugu waulize, kwa hiyo ulizeni kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Na mkienda, pigeni picha ya kitanda, choo na jiko la nyumbani, mpime na urefu wa kizingiti. Mtaalamu atataka kujua.