Je, wajua kwa nini wanaohudhuria ibada huishi muda mrefu zaidi?

Ukiuliza swali hili Mombasa, wengi watakujibu papo hapo: ni baraka za Mungu. Silipingi jibu hilo, mimi mwenyewe naamini. Lakini watafiti wamejaribu kuchunguza ni kwa njia gani heri hiyo humfikia mtu, na walichokiona kinatuhusu sana.

Mwaka 2016, Tyler VanderWeele wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi wa kike zaidi ya 74,000 nchini Marekani kwa miaka 16. Miongoni mwa waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki, hatari ya kufa katika muda huo ilikuwa chini kwa asilimia 33 kuliko kwa wasiohudhuria kabisa. Huenda utasema, si wenye afya ndio wanaoweza kutoka nyumbani? Hilo walilizingatia, wakapima afya za wanawake hao mapema na kurudia kuwauliza miaka ilivyosonga. Hata hivyo, wauguzi hao hawawakilishi dunia nzima. Utafiti mwingine ulioanza kutoa matokeo mwaka 2025 umehoji watu zaidi ya 200,000 katika nchi 22 pamoja na Hong Kong, Kenya na Tanzania zikiwemo, na katika nchi nyingi wanaohudhuria ibada huyaona maisha yao kuwa bora zaidi.

Sababu ni kadhaa. Wahudhuriaji huvuta sigara kidogo, hawazongwi sana na huzuni nzito, na huwa na matumaini. Ila iliyojitokeza waziwazi ni kuwa na watu: kwa wauguzi wale, kusaidiwa na wengine kulieleza asilimia 23 ya tofauti hiyo.

Hapa kwetu hili halihitaji darubini. Mzee aliyezoeleka kwenye safu ya alfajiri asipoonekana siku mbili, kuna atakayebisha hodi kwake. Ukitokea msiba, vijana wa mtaa hushika majembe kwenda kuchimba kaburi kabla wafiwa hawajajua waanzie wapi. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, wanaosali nyumba kwa nyumba na kuchangiana mgonjwa akilazwa. Haya yote ni tiba, ijapokuwa hayaandikwi kwenye cheti cha daktari.

Lakini kuingia mlangoni pekee hakutoshi. Mwaka 2010, watafiti Chaeyoon Lim na Robert Putnam walionyesha kwamba Wamarekani wanaokwenda ibadani kila wiki bila kuwa na rafiki pale hawakuridhika zaidi na maisha kuliko wasiokwenda. Nikisoma hayo huwafikiria vijana wanaokuja kutafuta vibarua bandarini, wanaswali safu ya nyuma au kukaa benchi la mwisho kanisani, kisha wanaondoka bila kusemeshwa na mtu. Baadhi ya makanisa huwasimamisha wageni na kuwatambulisha kabla ya watu kutawanyika. Natamani kila msikiti na kila kanisa la mji huu liwe na mtu wa kazi hiyo, na awachukue namba za simu.