Seli shina haziuzwi kwenye pakiti: dhana potofu kuhusu tiba ya magonjwa sugu ya ngozi

"Weka unga chini ya ulimi, seli shina zitaifuata ngozi"

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayomaliza pesa za watu. Mtu amehangaika miaka na soriasisi (ugonjwa wa ngozi kuota magamba) au pumu ya ngozi, anajikuna usiku kucha, halafu anatokea muuzaji na pakiti na picha za kabla na baada. Seli shina ni chembe hai za mwili zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Maabara huzihifadhi kwenye naitrojeni ya kimiminika, katika baridi ya karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Unga uliosafiri kwa basi na kukaa kabatini hauna seli iliyo hai, na hata ingekuwemo, tumbo lingeisaga kama linavyosaga nyama. Krimu za "seli shina za tofaa" zina dondoo ya mmea. Huenda zikalainisha ngozi kama mafuta mengine ya kupaka, basi.

"Seli mpya huleta ngozi mpya"

Katika soriasisi ngozi haijapungukiwa seli. Inazizalisha mno: safari ya seli kutoka chini hadi kubanduka juu, ambayo kwa kawaida huchukua kama mwezi, humalizika kwa siku chache, ndiyo maana magamba yanarundikana. Kinachoichochea ni kinga ya mwili iliyochachamaa. Seli shina wanazochunguza watafiti hutoka kwenye uloto (ute ulio ndani ya mifupa), mafuta ya mwili au kitovu cha mtoto mchanga, na hazigeuki kuwa ngozi. Zikipitishwa kwenye mshipa, nyingi hunasa mapafuni na kutoweka baada ya muda mfupi. Kazi yao kubwa ni kutoa kemikali zinazoituliza kinga. Wazo hilo ni zuri na linastahili kuchunguzwa.

"Korea Kusini wameshaponya"

Hii ina chembe ya ukweli, kwa hiyo tuitazame vizuri. Mwaka 2017 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya wagonjwa 34 wa pumu ya ngozi waliochomwa seli za damu ya kitovu. Kati ya waliopata dozi kubwa, zaidi kidogo ya nusu walipungukiwa dalili kwa nusu au zaidi. Matumaini yalipanda, hata mimi yangu. Lakini hakukuwa na kundi lililochomwa sindano isiyo na dawa, na kila mzazi wa mtoto mwenye pumu ya ngozi anajua jinsi inavyokuja na kuondoka yenyewe. Lilipofanyika jaribio kubwa lenye kundi la kulinganisha, matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti iliyotarajiwa.

"Marekani wameidhinisha"

Desemba 2024 waliidhinisha tiba ya kwanza ya seli hizi za kutuliza kinga, kwa watoto waliopandikizwa uloto kisha seli za mchangiaji zikaushambulia mwili wao, na steroidi, dawa za kupunguza uvimbe na kutuliza kinga, zikashindwa. Si kwa soriasisi, wala pumu ya ngozi.

"Ni kitu cha asili, hakidhuru"

Mwaka 2018 huko huko Marekani wagonjwa 12 waliripotiwa kupata maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu. Mwaka mmoja kabla, iliripotiwa kwamba wanawake watatu walipoteza uwezo wa kuona baada ya kuchomwa machoni seli za mafuta yao wenyewe.

Hata pale tiba inapofanya kazi, gharama yake ni nzito. Kwa skleroderma kali, ugonjwa unaokakamaza ngozi na viungo vya ndani, upandikizaji wa seli shina za damu umeongeza maisha ya wagonjwa kuliko dawa ya kawaida. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2014, watu 79 walipangiwa tiba hiyo, na 8 walifariki ndani ya mwaka kwa sababu ya tiba yenyewe. Kinga ya zamani hufutwa kwanza kwa dawa kali, kisha seli shina huijenga upya.

"Acha dawa za hospitali ili seli zifanye kazi"

Muuzaji akikwambia hivi, ondoka. Mwenye soriasisi akikatisha ghafla vidonge vya steroidi, anaweza kulipukwa na vipele vya usaha mwili mzima na kulazwa. Methotreksati (dawa ya kutuliza kinga), krimu ulizoandikiwa na mafuta ya kulainisha endelea navyo mpaka daktari wako wa ngozi abadilishe. Na ukialikwa kwenye utafiti wa seli shina, uliza kibali cha maadili kimetolewa na nani, na kama unatakiwa kulipia sindano.