Nargis, aliyeigiza mama wa mumewe mtarajiwa

Mimi kazi yangu ni kuhariri filamu, na kila nikipata kijana wa kumfundisha kazi namwekea kwanza Mother India ya 1957, sauti nimezima. Wote wanalalamika, picha la Kihindi bila nyimbo ni picha gani tena. Lakini ukizima sauti ndo unamwona Nargis, mwigizaji wake mkuu. Pale mwanzo anainua bonge la udongo analisogeza usoni, bibi kizee kabisa, na kijana akisikia huyo bibi hajafika hata miaka 30 anabisha. Nywele nyeupe na makunyanzi ni mekapu, sawa, ila yale mabega ya mtu aliyekokota plau mwenyewe mekapu haiyawezi.

Ameanza kitambo lakini. Kazaliwa Calcutta 1929, jina lake Fatima Rashid, na mama yake Jaddanbai alikuwa mwimbaji, mtunzi wa muziki na prodyuza wakati wanawake wa kazi hiyo India wanahesabika kwa vidole. Mtoto kaonekana kwenye filamu 1935, kufika 1943 mwongozaji Mehboob Khan akampa usteringi kwenye Taqdeer, binti wa miaka 14 tu! Kisha ndo Raj Kapoor, mwigizaji na mwongozaji, wakacheza pamoja filamu 16, mpaka nembo ya RK, studio ya Raj, ikatokana na pozi lao kwenye filamu ya Barsaat, jamaa kashika fidla mkono mmoja na Nargis mkono wa pili. Raj alikuwa na mke na watoto, na hakuwaacha. Tuishie hapo.

Sasa kwenye Mother India yule mwanawe mkorofi, Birju, ni Sunil Dutt. Wote wa Juni 1929, wamepishana siku tano! Kuna sini ya marundo ya nyasi yanawaka na Nargis yumo katikati, na upepo ukageuka. Moto wa kwenye seti unaupanga kwa upepo, watu na kamera mnakaa kule unakotokea, ukigeuka tu hesabu yote imeharibika. Sunil akajitosa akamtoa, akaungua, homa ikampanda, Nargis akawa ndo anamuuguza.

Mapenzi yakaanzia hapo ila wakakaa kimya, manake hebu jiweke kwenye viatu vya prodyuza, filamu nzima imesimama juu ya mama anayempiga risasi mwanawe, halafu watu wasikie hao wawili ni wachumba. Filamu ikatoka Oktoba 1957, ndoa ikafungwa Machi 1958.

Baada ya hapo akaacha kuigiza, karibu kabisa. Wanaosema ndoa iliua kipaji chake mi sikubaliani nao sana. Ni kweli Bombay ile mwanamke akiolewa usteringi unakauka wakati mwanaume anaendelea kama kawaida, ni dhuluma, silitetei. Ila huyu yuko mbele ya kamera tangu ana miaka sita jamani, na aliporudi kwa Raat Aur Din ya 1967, kama mwanamke mwenye nafsi mbili, akabeba Tuzo ya Taifa. Katikati analea watatu, Sanjay, Namrata na Priya, na kuzunguka na mumewe kutumbuiza wanajeshi mipakani. 1980 akaingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India.

Saratani ya kongosho ikamkuta wakati Sanjay anaandaliwa filamu yake ya kwanza, Rocky, mwongozaji baba mtu. Nargis akafariki tarehe 3 Mei 1981, siku chache kabla haijatoka. Kwenye onyesho la kwanza kiti chake kiliachwa wazi, hakuna aliyekikalia.