Mhusika anaanzia kwenye deni

Kila kikundi kipya ninachokiendeshea mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika hapa Kigoma huanza kwa kuuliza nguvu za mhusika. Mtu wangu anaweza kubeba nini? Akipigwa anapoteza pointi ngapi? Ni maswali halali. Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii wa mwaka 1974, ilitaka zirushwe dadu tatu kwa kila sifa ya mhusika, sifa zenyewe sita, nguvu na akili zikiwemo, na mtu wa mchezaji akaanza kuonekana kutokana na tarakimu hizo. Kwa mchezo wa kuvamia mapango na kuua majitu, utaratibu huo unatosha. Mimi naendesha michezo ya visa: watu wanne watano wanaizunguka meza na kusimulia pamoja jambo ambalo hakuna anayejua litaishaje. Kwenye mchezo wa namna hii, mwenye nguvu 18 asiyemhitaji mtu yeyote atakaa jioni nzima akisubiri ugomvi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: unataka nini kutoka kwa mhusika wa mwenzako aliyekaa hapo? Sitaki kusikia habari za mfalme wa mbali, wala adui nitakayemwigiza mimi msimulizi. Nataka mtu wa mezani hapohapo.

Chukua kisa chetu cha meli. MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, tunaijua wote. Wajerumani waliiita Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe Julai 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isitekwe, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito isile kutu. Waingereza wakaiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kisa chetu kinaanza 1924, habari za kuiopoa zimeshafika sokoni.

Mchezaji wa kwanza alimleta Sadiki, fundi wa Ujiji: hodari, jasiri, msiri. Sifa tatu nzuri, na hakuna hata moja inayomtoa nyumbani asubuhi. Nikamuuliza, 1916 ulikuwa wapi? Akafikiri kidogo. "Ndani ya meli. Nilipaka grisi." Na sasa unataka nini? "Kazi kwa Waingereza." Nani anaweza kukuharibia? Kabla hajajibu, mwenzake aliyekuwa na Hamisi, mpagazi aliyebebeshwa mizigo na Wabelgiji walipoiteka Kigoma mwaka uleule, akadakia: "Mimi. Mkeo ni dada yangu, na mahari hujamaliza."

Mchezo ukaanza palepale, dadu zikiwa bado mfukoni.

"Shemeji, nasikia wazungu wanatafuta anayeijua ile mitambo. Nikakutaje?"

"Shemeji yangu, tuyamalize kwanza ya nyumbani."

Naipenda mahari kama kiungo kwa sababu hakuna mchezaji wa huku anayehitaji kuelezwa uzito wake. Tena ushemeji hauna mlango wa kutokea. Marafiki wakigombana kila mtu atashika njia yake na kisa kitakatika. Mashemeji watakutana msibani wapende wasipende. Ukichagua uhusiano, chagua ule ambao wahusika hawawezi kuukimbia. Fiasco, mchezo wa 2009 usio na msimulizi, umelijenga jambo hili kwenye kanuni zake: kila mchezaji na jirani yake huanza kwa kupanga kinachowaunganisha, na wahusika hutokana na hapo.

Baada ya deni ndipo tunaandika udhaifu. Uwe wa kuleta matatizo ya kweli. "Ana hasira" haunipi kitu. "Hawezi kuvumilia kuitwa kibaraka wa Wajerumani" unanipa jioni nzima. Katika Fate, mchezo mwingine wa aina hii, mchezaji hupewa pointi akikubali udhaifu wa mhusika wake umtie matatani, na naona ni kanuni ya haki sana: anayekubali kuumia kwa ajili ya kisa anastahili kulipwa.

Siri nazo tunazisema wazi mezani. Wageni hushangaa. Lakini siri iliyo kichwani mwa mtu mmoja haina wa kuichokoza. Wachezaji wakiijua, huku wahusika wao hawaijui, kila mmoja atatafuta namna ya kuisogelea. Mhusika wa tatu, Bi Mwamvita, muuza mawese, alikuwa amefukia uani kipande cha shaba kilichotoka kwenye meli. Meza nzima ilijua, na Sadiki alikuwa haishi kwenda kununua mawese kwake.

Jina, umri na mavazi vinaandikwa mwishoni, dakika chache tu. Historia ndefu ya utotoni siipokei kabisa. Nusu karatasi inatosha, mengine yatazaliwa mchezoni.

Akija mchezaji mpya kisa kikiwa katikati, simpi karatasi kwanza. Namwomba asikilize raundi moja, kisha achague mhusika mmoja anayetaka kumdai na mmoja atakayemdai yeye. Aliyejiunga nasi mwisho alimchagua Hamisi kwa yote mawili.