Kutatua jina si DNS, wala si kutafsiri

Wiki hii nimekutana tena na kauli hii kwenye ripoti ya hitilafu: "Seva ya wavuti haifikii seva ya programu, DNS imekufa." DNS, yaani mfumo wa seva zinazoulizwa anwani ya jina fulani la mtandaoni, ilikuwa nzima kabisa. Hii ni mara ya tatu tangu mwezi uanze, na kila mara watu wa mtandao wanapoteza asubuhi nzima wakikagua kitu kisicho na kasoro. Tuliweke neno "kutatua jina" mahali pake.

Kutatua jina ni ile hatua ambayo kompyuta hupewa jina la mashine nyingine, tuseme app01, ikatafuta anwani yake ya IP, tuseme 10.20.4.27, kabla haijaanza kuunganisha. Seva ya wavuti inapokea ombi kutoka kwa kivinjari, inataka kulipeleka kwa seva ya programu iliyo nyuma yake, na kwenye mipangilio imeandikiwa jina tu. Pakiti, yaani vipande vya data vinavyotumwa mtandaoni, hazisafiri kwa jina, kwa hiyo lazima namba ipatikane kwanza. Maana ni hiyo.

Wapo wanaolikwepa neno "kutatua" kwa sababu wanasikia "tatizo" ndani yake, wakadhani jina likitatuliwa maana yake lilikuwa na shida. Tatua limetokana na tata. Uzi ukitata, unautatua. Ni ile kauli ya kutendua tunayoijua sote: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Kiingereza nacho kilichukua neno lake, resolve, kutoka Kilatini, resolvere, yaani kulegeza au kufungua kilichofungwa. Lugha mbili ambazo hazina undugu zimeshika picha ile ile ya fundo linalofunguliwa, na tafsiri yetu imekaa vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Kinachoniudhi ni "kutafsiri jina". Ukitafsiri, unahamisha maana kutoka lugha moja kwenda nyingine. Anwani si maana ya jina. App01 inaweza kuhamishiwa mashine nyingine kesho, anwani ikabadilika, na jina likabaki lilivyo. Ndiyo faida yenyewe ya kutumia majina. Isitoshe, "kutafsiri anwani" ni kazi nyingine kabisa, ile ya NAT, ambapo ruta hubadilisha anwani ya pakiti ikiwa njiani. Mtu akiandika "tafsiri imekwama" katikati ya tatizo, wenzake wawili watakwenda kukagua vitu viwili tofauti.

Na sasa DNS. DNS ni njia mojawapo ya kutatua jina, wala si ya kwanza. Katika ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, miaka ya 1970, majina ya kompyuta zote yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kituo cha taarifa cha mtandao huo kule SRI, taasisi ya utafiti iliyoko Menlo Park, California. Kila mashine ililichukua faili hilo na kusoma nakala yake. Mtandao ulipokua, faili likazidiwa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akaandika pendekezo la DNS katika RFC 882 na 883, hati za kiufundi za mtandao huo. Lakini faili halikufa. Liko kwenye seva yako sasa hivi, linaitwa /etc/hosts, na kwenye Linux nyingi ndilo linalosomwa kabla ya DNS. Fungua /etc/nsswitch.conf uangalie mstari unaoanza na hosts: utakuta files imetangulia dns. Ni kama simu yako: namba ya shangazi uliyoihifadhi mwenyewe ndiyo utakayopiga, hata kama ukoo mzima umeshapewa namba yake mpya.

Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, tulihamisha seva ya programu usiku. Rekodi ya DNS ikabadilishwa vizuri. Kwenye seva ya wavuti, nslookup, amri ya kuuliza DNS, ikaleta anwani mpya, 10.20.4.27. Tovuti ikaendelea kutoa 502, kosa la seva ya wavuti kukosa jibu zuri kutoka seva iliyo nyuma yake. Tulibishana mpaka saa nane usiku: jibu ni sahihi, sasa kwa nini haifiki? Logi ya nginx, programu inayoendesha seva yetu ya wavuti, ilikuwa imeshasema tangu mwanzo. Ilisema Connection refused, na mbele ya mstari huo huo, baada ya neno upstream (seva iliyo nyuma), ilikuwepo anwani ya zamani, 10.20.4.11, poti 8080. Ndani ya /etc/hosts tukakuta mstari wa mtu aliyekwishaondoka kazini: 10.20.4.11 app01, na pembeni ameandika "ya muda".

nslookup haikutudanganya. Nayo, kama amri ya dig, huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS bila kupitia /etc/hosts. Tuliuliza DNS inasema nini, wakati swali letu lilikuwa mashine hii inapata nini. Swali hilo hujibiwa na amri ya getent hosts app01, kwa sababu hufuata mpangilio ule ule wa nsswitch ambao programu nyingi hufuata.

Tukaufuta mstari. Bado 502. Kwa mipangilio ya kawaida, nginx hutatua jina la seva iliyo nyuma yake inapowashwa au inapopakia upya mipangilio, kisha hubaki na anwani hiyo. Ilikuwa imeshika jibu la zamani kichwani. Tulipoendesha nginx -s reload, tovuti ikarudi. Na kuna la kinyume chake: ukiiwekea nginx agizo la resolver, linaloitajia seva ya DNS ya kuuliza, na jina ukaliweka ndani ya kigeugeu (variable), huiuliza seva ya DNS yenyewe na haisomi /etc/hosts kabisa. Hapo getent nayo inaweza kukupa jibu lisilo la nginx. Kwa hiyo kila ukisikia "jina limetatuliwa", uliza limetatuliwa na nani.

Angalia pia yale maneno, Connection refused. Yakitokea, jina limeshatatuliwa: anwani imepatikana, mlango umegongwa, na umekataliwa. Hata Connection timed out huja baada ya anwani kupatikana. Kosa la jina lenyewe husomeka Name or service not known, yaani jina hilo halikupatikana, au Temporary failure in name resolution, yaani anayeulizwa hakutoa jibu la kueleweka. Ni hili la mwisho hasa ndilo linalotosha kumwamsha mtu wa DNS.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeandika ripoti ile, sikulaumu. Sote tumefundishwa kuliita jambo zima DNS. Safari ijayo andika hivi: "Kwenye seva ya wavuti, getent inaleta 10.20.4.11 kwa app01, logi ya nginx inaonyesha hiyo hiyo, nilitarajia 10.20.4.27."